Mama kabadilishiwa goti Dar, sasa yuko Songea. Kliniki ya wiki ya sita tufanye kwa vidio au tumrudishe?

Mwanalizombe:
Wakuu habari za saa hizi. Bimkubwa alibadilishiwa goti la kulia Dar mwezi uliopita, akakaa kwa dada Mbagala mpaka nyuzi zikatolewa ndo tukampandisha ndege kurudi Songea. Sasa tarehe yake ya wiki ya sita imekaribia, nesi wa kliniki kapiga simu anasema wagonjwa wa mikoani dokta anakubali kuwaona kwa vidio koli ya wasap, tuchague wenyewe. Mi naona poa tu maana ndege hela hatuna tena na basi ni kuzunguka kupitia Makambako, mlima Kitonga wote ule na goti bichi. Ila bro mkubwa kagoma kabisa, anasema hakuna daktari wa kwenye simu, mama akaguswe. Mwenyewe anasema yuko fiti, mshono umekauka, anatembelea fimbo, jioni goti linavimba kidogo na lina joto. Kukunja ndo bado bado, akikaa kwenye kiti mguu unabaki mbele. Mliopitia hii mliamuaje?

fizio_kusini:
Mkuu jibu umeliandika mwenyewe pale mwisho. Mimi kazi yangu ni mazoezi ya viungo. Uvimbe wa jioni na joto wiki ya tano hiyo hainitishi, goti bandia linaweza kuwa la moto miezi kadhaa. Ila mguu kubaki mbele sijaupenda. Wiki ya sita wengi tunategemea wafike digrii 90 au zaidi, yaani akikaa kiti cha kawaida unyayo unakanyaga sakafu chini kabisa ya goti, sio mbele huko. Kwa vidio dokta ataona halikunji, sawa, lakini hatajua kama linagoma kwa maumivu, kwa uoga, au makovu ya ndani yameshakaza, hiyo mpaka alishike. Na likiwa limekaza kweli kuna kumlaza kwa dawa ya usingizi wanalikunja, na hiyo inafaa zaidi kabla ya wiki ya 12, ukishapitiliza inakuwa ngumu. Hebu nijibu, anaweka mto chini ya goti akilala?

Mwanalizombe:
Anaweka ndio, anasema ndo anapata usingizi

fizio_kusini:
Toeni leo leo. Mto uwe chini ya kisigino, goti linyooke. Wazee wote wanaupenda huo mto na ndo unaowafanya watembee goti limepinda.

Mama Koku:
Sisi mzee wetu alibadilishiwa nyonga, tuko Bukoba, tulifanya vidio na hatujutii, lakini nyonga sio goti, nyonga kazi kubwa unaifanya kwa kutembea tu. Ila dada/kaka jua vidio bila eksrei ni kupiga stori. Sisi tulipiga eksrei hospitali ya mkoa tukaomba CD, msitume ile picha ya kupigia simu kwenye kioo cha kompyuta imelala upande, dokta hataona kitu. Na siku ya vidio mtu mwingine ashike simu, mgonjwa avae kaptula, kuwe na nafasi ya kutembea aende arudi. Halafu wekundu wa kidonda kwenye ngozi yetu nyeusi kamera haionyeshi, bora kuweka mgongo wa mkono magoti yote mawili mlinganishe, mwambieni dokta kwa mdomo.

Kipara_Ngoto:
Bro wako yuko sahihi ila sababu yake sio. Mshono uliokauka nesi yeyote hapo HOMSO, hospitali ya mkoa Songea, anautazama, na picha wanapiga, huhitaji Dar kwa hilo. Kinachowapeleka ni kukunja. Mkienda kwa basi muulizeni dokta kwanza kuhusu dawa ya kuzuia damu kuganda, baada ya goti hatari hiyo ipo mpaka kama miezi mitatu na kukaa saa nyingi kwenye siti inaongeza. Chukueni siti ya njiani aunyooshe mguu, kila basi likisimama ashuke. Na mguu chini ya goti ukivimba ghafla na kuuma, au akianza kuhema, hapo usisubiri kliniki wala vidio, ni emajensi usiku huohuo. Kidonda kikitoa majimaji vilevile nendeni hospitali, na msimpe antibayotiki ya duka la dawa, mnawaharibia madaktari kipimo.

Mwanalizombe:
Asanteni sana. Nimempigia mdogo wangu kamkalisha mama kiti cha jikoni kanitumia picha, unyayo uko mbele kabisa, goti halijafika hata robo tatu ya hiyo 90. Kwa hiyo anaenda. Nesi kasema tupige eksrei hukuhuku tuje nayo, na zile kliniki za mbele kukunja kukikaa sawa tutafanya kwa vidio. Bro nimemwambia kwa vile ndo alitaka mama aguswe basi ndege alipe yeye, kasoma meseji mpaka sasa kimya

fizio_kusini:
😂 Wakati anatafakari, mama akae ukingo wa kitanda, mguu ule usio na operesheni uusukume mguu wa goti jipya nyuma taratibu, ahesabu mpaka kumi aachie, mara kadhaa kwa siku. Dawa ya maumivu anywe nusu saa kabla.