Kufuma na maandalizi ya Krismasi

Mama wa Nyegezi: Wapendwa, zimebaki wiki 2 kabla ya Krismasi, nami sijapaka rangi sebuleni wala kufua mapazia, huku sweta ya mjukuu ikiwa imefika kwapani tu. Nipangeje?

Mfumaji wa Kirumba: Shikamoo mama. Anza na rangi, kwa kuwa mvua za Desemba huichelewesha kukauka, na wakati unaisubiri keti barazani ufume mikono. Mapazia yawe ya mwisho, maana wadudu wa ziwani hufuata taa na kuyachafua upya.

Bibi wa Ilemela: Sweta, mwanangu, kwa joto hili la Mwanza?

Mama wa Nyegezi: Marahaba, mwanangu. Bibi, mtoto anaishi Njombe, ambako hata Desemba usiku huwa na baridi. Kesho nanunua rangi.