Single malt ya nne kabatini: Glenfiddich 15, Talisker 10, Laphroaig 10 au Amrut Fusion?

Mzee wa Bangwe (Kigoma)

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri wa wanaoijua wiski, siyo wa kuniambia nipige Konyagi nikalale.

Kabatini nina single malt tatu (wiski za kimea cha shayiri tupu, kila moja ya kiwanda kimoja): Glenfiddich 12, Glenlivet 12 na Glenmorangie ya miaka 10, ile ya lebo ya zamani kabla hawajaipandisha kuwa 12. Zote nazipenda, tatizo nimeanza kuona zinafanana. Juzi nilimmiminia jirani zote tatu bila kumwonyesha chupa, akaniuliza kwa nini nampa wiski ileile mara tatu.

Shemeji yangu anarudi nchini kwa ndege mwisho wa mwezi, ameahidi kuniletea chupa moja juu ya ile yake mwenyewe. Kwenye karatasi nimeandika Glenfiddich 15, Talisker 10, Laphroaig 10 na Amrut Fusion ya India. Lengo ni kupanua kabati, kulewa hata hizi nilizonazo zinatosha. Mngechagua ipi?

Reli ya Kati (Kigoma, Mwanga)

Glenfiddich 15, wala usiumize kichwa. Wanachanganya wiski kutoka mapipa ya aina tatu, yaliyowahi kuwa na bourbon (wiski ya Marekani), yaliyowahi kuwa na sheri (divai kali ya Hispania), na ya mwaloni mpya, kisha wanaimimina kwenye pipa moja kubwa mno ambalo haliachwi kushuka chini ya nusu. Wanatoa, wanajazia, wanatoa, wanajazia, tangu 1998. Inakuja na asali, zabibu kavu, mdalasini. Mgeni yeyote ukimpa hakunji uso, na bei haiko mbali sana na ya 12.

Binti Unyanyembe (Tabora)

Mwangaluka wana-Kigoma. Shikamoo mzee.

Kaka Reli hajakosea, 15 ni wiski nzuri. Ila mzee ameuliza kuhusu kupanua, na hapo ndipo tunapoachana. Tazama alichonacho. Glenfiddich inatoka Dufftown, Glenlivet ipo bonde la jirani, zote ni Speyside, eneo la mto Spey kule Uskoti. Glenmorangie ni ya Tain, juu zaidi kaskazini, lakini mitambo yake ya shaba ina shingo ndefu karibu mita 5, kwa hiyo ni mvuke mwepesi tu unaofika juu na kugeuka kinywaji. Matokeo yake ni wiski laini, ya maua na machungwa. Zote tatu hazina moshi, na zote zimetiwa chupani kwa kilevi cha asilimia 40 au karibu na hapo. Ndiyo maana jirani hakuona tofauti, mdomo wake haukuwa na kosa lolote. Ukiongeza 15 utakuwa umemleta kaka mkubwa wa mtu ambaye tayari anakaa humo ndani.

Watu wengi wanaangalia miaka, wanadhani 15 lazima iwe mbali na 12. Namba ile inataja umri wa wiski changa kuliko zote zilizomo kwenye chupa, basi. Vitu vinavyosogeza ladha hasa ni vitatu: shayiri ilikaushwa kwa moshi au bila moshi, pipa lilikuwa na nini kabla, na kilevi kimeachwa kiasi gani. Kabati la mzee limesimama sehemu moja katika yote matatu.

Kura yangu ni Talisker 10. Inatengenezwa kisiwa cha Skye, kiwanda kipo ufukweni tangu 1830. Kilevi ni asilimia 45.8. Moshi upo lakini haukabi, kuna chumvichumvi, halafu mwishoni pilipili manga inakupanda kooni. Hakuna chupa yako hata moja inayofanya hivyo.

Kaka Gungu

Mbona hakuna aliyetaja Johnnie Walker Green? Miaka 15, asilimia 43, inapatikana. Au Bain's ya Afrika Kusini, si mbali na sisi na imeshinda tuzo huko duniani.

Binti Unyanyembe (Tabora)

Kaka Gungu, Green ni kinywaji kizuri na ndani yake Talisker imo, lakini ni malt za viwanda kadhaa zilizochanganywa. Single malt ni ya kiwanda kimoja, shayiri iliyooteshwa kimea peke yake. Bain's nayo ni ya mahindi. Nainywa bila aibu, ila swali la mzee haliijibu. Ukitaka Afrika Kusini kwa uzi huu, kiwanda hichohicho cha Wellington ndicho kinachotoa Three Ships ya miaka 10, na hiyo ni single malt kweli. Kuipata ndiyo kazi.

Pensheni Ziwani (Ujiji)

Vijana mnamzungusha mzee mwenzangu. Kama anataka tofauti, apewe tofauti. Laphroaig 10.

Ukifungua kizibo unasikia harufu ya chumba cha majeruhi: iodini, bandeji, lami. Mke wangu aliniuliza nimeumia wapi. Toti ya kwanza utaichukia. Ya pili utaichukia kidogo. Baada ya hapo utaanza kugundua kuna utamu chini yake, kama vanila hivi, na ule moshi unabaki mdomoni hadi unakwenda kulala. Kinatoka Islay, kisiwa cha moshi, na pale Laphroaig bado sehemu ya shayiri yao wanaitandaza sakafuni na kuigeuza kwa majembe ya mbao kama zamani.

Kuna jambo jingine la kuchekesha. Tangu 1994 mnunuzi anayejiandikisha anapewa futi moja ya mraba ya ardhi ya kiwanda, siyo kuimiliki, kukodishiwa tu maisha yake yote. Mimi hapa Ujiji nimesumbuka na mipaka ya kiwanja miaka mingi, huko kwa Waskoti nina ardhi isiyo na mgogoro.

Mzee wa Bangwe (Kigoma)

Pensheni umenichekesha mpaka wajukuu wameuliza kuna nini. Lakini hiyo harufu ya hospitali inanitisha. Niulize: huo moshi unatoka wapi? Nilidhani ni yale mapipa wanayoyachoma ndani.

Mpimaji (Kigoma, Katubuka)

Mzee, hapana, ni vitu viwili tofauti. Mapipa ya bourbon kweli huchomwa ndani, na sheria ya Marekani inataka bourbon ikae kwenye pipa jipya la mwaloni lililochomwa, ndiyo maana yale yaliyokwisha kutumika yanauzwa kwa wingi Uskoti. Ule mchomo unaleta vanila na karameli. Moshi unaingia mapema zaidi, shayiri ikiwa bado mbichi kwenye kimea. Inabidi ikaushwe ili isiendelee kuota, na visiwani, ambako miti ni haba, walikausha kwa kuchoma piti, udongo wa kinamasi unaokatwa kama tofali na kuanikwa. Moshi ule unashika kwenye punje kama unavyoshika kwenye migebuka, samaki wetu wa ziwani, ikikaushwa: ukishaingia, kuchemsha hakuutoi.

Sasa niitetee chupa ambayo hakuna aliyeigusa. Amrut Fusion.

Inatengenezwa Bangalore. Sehemu kubwa ya shayiri ni ya India, isiyo na moshi, na sehemu inatoka Uskoti ikiwa imefukizwa piti. Unapata tunda lililoiva, chokoleti, moshi wa mbali. Asilimia 50. Ladha ni nzuri, lakini mimi kinachonivuta ni hali ya hewa. Pipa la wiski linapumua, na kila mwaka kiasi fulani kinapotea hewani. Uskoti, kwenye baridi, ni kama asilimia 2. Bangalore ni asilimia 10 hadi 12. Piga hesabu ya miaka 12: Uskoti unabaki na zaidi ya robo tatu ya pipa, Bangalore unabaki na kama robo. Ndiyo maana Wahindi hawasubiri. Joto linasukuma kinywaji ndani ya mbao na kukivuta nje haraka, miaka michache inatosha, na wengi hawaandiki umri kwenye lebo. Sisi wa Kigoma, tunaoishi na jua hili, wiski inayotufanana kwa kukomaa ni hiyo. Kila nikiimimina huwa najiuliza pipa lingefanya nini likiachwa ghalani Kibirizi.

Reli ya Kati (Kigoma, Mwanga)

Mpimaji, asilimia 50 kwa mtu aliyezoea 40? Unataka kumuua mzee.

Mpimaji (Kigoma, Katubuka)

Maji yapo. Toti ya mililita 30 yenye asilimia 50, ukiitia kijiko kimoja na nusu cha chai cha maji inashuka hadi 40 kamili. Tena maji yanafungua harufu. Anayeharibu ni barafu: ulimi unakufa ganzi, unabaki na baridi ya bei ghali. Najua wengi mtanipinga, na saa nane mchana Kigoma hata mimi siwezi kuwalaumu.

Duka la Kona

Mimi ni muuzaji, mambo ya harufu nawaachia. Mzee, umesema shemeji anabeba chupa yake pamoja na yako. Kwa kanuni za forodha za Afrika Mashariki, abiria wa miaka 18 na zaidi anasamehewa ushuru wa pombe kali isiyozidi lita 1. Chupa mbili za sentilita 70 ni lita 1.4. Aitangaze iliyozidi na ailipie, au kama anasafiri na mkewe wagawane, kila mmoja na yake. Na akibadilisha ndege njiani asiufungue ule mfuko uliofungwa dukani, vinginevyo kwenye ukaguzi atanyang'anywa.

Ukiamua kununua hapa nchini, angalia stempu ya TRA kwenye kizibo na uiskani kwa programu ya Hakiki Stempu kabla hujatoa hela. Chupa ghali ndizo zinazojazwa upya. Chupa tupu ya single malt ukimaliza ivunje au ibandue lebo, kuna watu wanazitafuta majalalani. Rangi isikudanganye pia, Waskoti wenyewe wanaruhusiwa kuongeza karameli, kwa hiyo weusi wa kinywaji hauthibitishi umri.

Mama Kibirizi

Nachungulia tu, mimi situmii, ila marehemu baba alikuwa mtu wa vitu hivi. Chupa alizisimamisha wima, alisema kilevi kikigusa kizibo kinakila. Na hakuweka kabati upande wa ziwani, jua la jioni linapoingia dirishani. Iliyobaki chini ya theluthi alikuwa anaimalizia au anaihamishia kwenye chupa ndogo, hewa isiilegeze.

Hiyo ya pilipili mnayoisema, ningekuwa nainywa ningeijaribu na mgebuka wa moshi na ndimu.

Pensheni Ziwani (Ujiji)

Mama umesema kweli tupu. Talisker na mgebuka ni ndoa. Laphroaig na mgebuka ni vita, moshi kwa moshi, huli huku wala hunywi kule. Kwa hilo tu nakubali kushindwa nusu.

Binti Unyanyembe (Tabora)

Nusu inatosha. Mzee, jambo moja la mwisho kuhusu Amrut, maana Mpimaji ameitetea vizuri. Ina moshi kidogo na nguvu nyingi kwa pamoja, na hujawahi kukutana na chochote kati ya hivyo viwili. Ukiichukia hutajua umechukia kipi. Talisker inakuonyesha moshi ukiwa na kilevi kilichopanda kidogo tu. Ukiupenda, nenda Islay kwa Pensheni. Ukiona moshi siyo wako ila ile nguvu umeipenda, rudi upande wa sheri, Aberlour A'bunadh inakungoja, hiyo haipunguzwi nguvu kwa maji kabisa kiwandani.

Mzee wa Bangwe (Kigoma)

Nimeelewa. Shemeji nimeshamwandikia: Talisker 10, sentilita 70, na asipoikuta achukue Amrut, asije na Glenfiddich. Nimempa na habari ya lita moja, kumbe alikuwa hajui, anasema ataiacha yake. Hapo sijui kama nimepata wiski au nimetengeneza deni.

Pensheni, hiyo ya hospitali nitakuja kuionja kwako Ujiji kabla sijainunua.

Pensheni Ziwani (Ujiji)

Karibu Jumamosi baada ya saa kumi. Uje na maji yako ya kunywa, maji yetu ya huku siku hizi ni ya ndoo.

Reli ya Kati (Kigoma, Mwanga)

Mimi bado niko na 15 yangu. Mzee, jirani aliyesema ni wiski moja mara tatu, siku Talisker ikifika mpe tena bila kumwonyesha chupa, halafu utuletee jibu hapa.