Labirinti kwenye uwanja wa hospitali: tiba au mapambo?

MamaWawili: Hospitali alikolazwa dada yangu inataka kutengeneza labirinti pale nyasini. Ni njia ya mawe inayojizungusha hadi katikati. Unatembea polepole ukitafakari, kisha unatoka kwa njia ile ile. Mimi naunga mkono. Nyinyi je?

Fundi_Kariobangi: Nyasi hizo ndizo kitanda cha jamaa za wagonjwa. Na hawa wa kutoka ushago, kule vijijini, watapotea humo, tuanze kuwatangaza redioni.

Mzee_KahawaWest: Kijana, labirinti haipotezi mtu. Njia ni moja, haina njia panda. Ile ya kanisa kuu la Chartres, Ufaransa, ya mwanzoni mwa karne ya 13, upana wake ni kama mita 13 tu, lakini mpaka ufike kati umetembea zaidi ya mita 250.

BintiGusii: Mimi nimekwama hapo kwa "wa kutoka ushago". Nilimleta mama usiku, tukashuka basi saa kumi alfajiri, na wodi nikaipata. Nyinyi wa Nairobi mtu akiwauliza steji ya Khoja mnampeleka ya Odeon.

Fundi_Kariobangi: Ulikuwa utani, dada. Na Khoja naijua kuliko wewe.

BintiGusii: Utani wa mtu ambaye hajalala kwenye nyasi hizo. Mimi nimelala siku nne, leso moja, chupa ya uji kichwani kama mto.

Karanja_wa_Mtaa: Anayetaka kutafakari aende Karura. Wangari Maathai alipigwa akiutetea msitu ule mwaka 1999, halafu sisi tunazungushwa kwenye mawe?

MamaWawili: Karura wanatoza kiingilio, na mgonjwa mwenye dripu hataruhusiwa kutoka langoni. Jamani, turudi kwa labirinti.

Mzee_KahawaWest: Wa kiti cha magurudumu naye? Mawe yatamkwamisha. Wachore kwa rangi kwenye saruji, basi nyasi zibaki za kulalia.

BintiGusii: Asante mzee. Bado nasubiri Fundi aombe radhi.

Fundi_Kariobangi: Haya, nafuta "wa ushago". Naandika "wa kutoka mbali".

BintiGusii: Hata Kahawa West ni mbali.

Mzee_KahawaWest: Sasa mimi nimeingiaje hapo?