Mdaiwa hakupinga kitu mpaka kashindwa, rufaa inasema mahakama haikuwa na mamlaka. Kivipi?

msomi_wa_usiku:
Wakuu habari zenu. Nasoma utaratibu wa kesi za madai wa Marekani na hizi mamlaka mbili zinanichanganya kinoma, mamlaka juu ya mtu na mamlaka juu ya aina ya kesi. Zoezi liko hivi: dereva wa New Jersey kapita Ohio kamgonga mtu wa Ohio, majeruhi kafungua kesi mahakama ya shirikisho palepale Ohio anadai dola 60,000, dereva kajibu madai hajapinga mamlaka wala nini, kesi ikaenda mpaka mwisho akashindwa. Alipofika rufaa ndo anasema mahakama haikuwa na mamlaka, na jibu la mwalimu ni kwamba kesi inafutwa! Si alinyamaza mwenyewe?

Pingamizi:
Mdogo wangu, tatizo hapo sio mtu ni aina ya kesi. Juu ya mtu dereva kabanwa, ajali imetokea hukohuko Ohio. Zamani enzi za kesi ya Pennoyer dhidi ya Neff walitaka kimsingi samansi ikukute ndani ya jimbo, ila tangu kesi ya International Shoe ya 1945 wanaangalia kama una uhusiano wa kutosha na jimbo lile. Ule ulinzi ni wako wewe mdaiwa, ukiuacha shauri yako, na Kanuni ya 12 ya kesi za madai za shirikisho haina huruma, ukipeleka pingamizi la kwanza ukasahau kulitaja hilo basi limekwenda.

Aina ya kesi sasa haina mwenyewe. Ni Katiba na Kongresi waliogawa kesi zipi ziingie shirikisho. Ajali ya barabarani ni sheria ya jimbo, kwa hiyo mlango pekee hapo ni watu wa majimbo tofauti wanaogombania ZAIDI ya dola 75,000 (75,000 kamili haiingii, mtihani wanapenda sana kuwatega hapo). Mdai na mdaiwa hata wakikubaliana hawawezi kuipa mahakama nguvu ambayo haijapewa, ndo maana pingamizi hilo linaletwa wakati wowote.

msomi_wa_usiku:
Duh. Kwa hiyo hata mdai aliyefungua kesi mwenyewe akishindwa anaweza kuigeuka?

Pingamizi:
Ndiyo, na ilishatokea, Capron dhidi ya Van Noorden 1804. Kafungua mwenyewe, kashindwa, akaenda Mahakama ya Juu kulalamika kwamba kumbukumbu za kesi hazionyeshi mamlaka, na akashinda 😂

mama_sheria:
Mimi nampa kila mwanafunzi kesi ya Mottley, 1908. Mume na mke waliumia ajali ya treni 1871, kampuni ya reli ikawatuliza kwa pasi za kusafiri bure maisha yao yote, halafu 1906 ikaja sheria ya shirikisho ya kupiga marufuku pasi za bure, reli ikagoma kuzihuisha. Wakashinda chini. Kufika Mahakama ya Juu hakuna upande uliogusa mamlaka, majaji wenyewe ndo wakaliibua wakaitoa kesi, kwa sababu madai yao yalikuwa ya mkataba tu na sheria ya shirikisho waliitaja kama utetezi ambao reli *ingeuleta*, na hiyo haitoshi kuingiza kesi shirikisho. Masikini wakaanza upya mahakama za Kentucky, wakarudi tena juu, 1911 wakashindwa kabisa.

Ila Pingamizi niongezee kitu, hiyo "wakati wowote" ni kesi ikiwa bado hai, rufaa ikiwemo. Rufaa zikishaisha na hukumu imetulia, mdaiwa aliyekuwepo na aliyekuwa na nafasi ya kupinga kwa kawaida haruhusiwi kufungua kesi nyingine kuishambulia hukumu ile.

msomi_wa_usiku:
Asante mama. Sasa nikigeuza, ajali ileile ya Ohio, madai dola 200,000, ila majeruhi kaenda kufungua shirikisho ya Texas?

mama_sheria:
Aina ya kesi imekaa sawa, majimbo tofauti na hela inatosha. Ila Texas inamhusu nini dereva wa New Jersey? Huyo ndo anatakiwa apinge mapema, akisubiri rufaa kachelewa.