Mjadala: Je, anayepika bia nyumbani bila kuiuza ahitaji leseni?

Hoja iliyo mbele yetu ni kama mkazi wa Mombasa aruhusiwe kupika bia nyumbani kwake bila leseni, maadamu haiuzi. Ndugu aliyetangulia ameandika kwamba hakuna apikaye pombe nyumbani ila kwa ufukara au kwa uraibu, na kwamba kuruhusu jambo hili ni kuwafungulia watu mlango wa makaburi. Namheshimu, kwani maneno yake ni ya mtu aliyewahi kuzika. Hata hivyo, sababu hizo mbili hazinihusu mimi wala wenzangu ninaopika nao, na sheria iliyosimama juu ya sababu zisizo za kweli itamkamata asiye na hatia na kumwacha anayeua.

Anayetaka kulewa kwa pesa chache hapa mjini hana haja ya kupika chochote, kwa sababu mangwe, yaani vilabu vya pombe ya mnazi, zimo Kisauni na zimo Likoni. Bia ya nyumbani si rahisi hata kidogo. Shayiri hulimwa Narok na Timau, lakini hopsi, maua yanayoipa bia uchungu wake, huletwa kutoka ng'ambo, na kabla hujaonja glasi moja umeshanunua sufuria kubwa, ndoo ya mfuniko unaobana, kipimajoto na hamira ya bia, ambayo si hii ya mandazi. Kisha kuna muda: nusu siku jikoni, wiki mbili ndani ya ndoo, na wiki mbili nyingine ndani ya chupa. Sijaona mraibu anayengoja mwezi mzima.

Kinachomshika mtu ni kazi yenyewe, na hapa pwani kazi hiyo ni ngumu kwa sababu ya joto. Hamira nyingi za bia hupenda nyuzi 18 hadi 22, ilhali chumba changu mwezi wa Februari hakishuki chini ya 28 hata usiku wa manane. Joto likizidi, hamira hufanya kazi kwa pupa, na bia hutoka na harufu ya ndizi zilizoiva kupita kiasi pamoja na ukali unaokwaruza koo. Ndoo yangu ya kwanza, lita 20, niliimwaga yote. Ya pili niliiweka ndani ya beseni la maji, nikaizungushia kikoi kilicholowa, na kwa siku tano nikawa nabadilisha chupa za barafu asubuhi na jioni kama anayeuguza mgonjwa. Usiku wa pili nikasikia mrija niliokuwa nimeutumbukiza kwenye chupa ya maji ukitoa viputo, kwanza kimoja kimoja, kisha mfululizo, nami nikakaa pale gizani nikisikiliza hadi karibu na alfajiri. Tangu siku hiyo sijaacha, kwa kuwa kila ndoo hunionyesha kosa ambalo ni langu mwenyewe na ambalo naweza kulirekebisha katika ndoo itakayofuata.

Wala ustadi huu si mgeni kwetu. Babu yangu mzaa mama alikuwa mgema Rabai. Alipanda minazi yake asubuhi na jioni, akachonga ncha ya karara, kifuko cha maua ya mnazi, kwa kisu cha kotama, akikata kipande chembamba kama karatasi, na hakutia chachu yoyote, kwa sababu chachu imo hewani na imo ndani ya kibuyu. Tembo lililoshuka asubuhi likiwa tamu lilikuwa kali kufikia jioni, na likiachwa siku kadhaa huwa siki. Katika ukoo wetu posa haizungumzwi bila kadzama, yaani chombo, ya uchi, ndilo tembo la mnazi, na sijawahi kusikia mtu akisema kwamba wazee wale waliketi pale kwa ajili ya ulevi.

Dada mmoja amekumbusha vifo vya Mei 2014 katika kaunti kadhaa na vya Kirinyaga mwezi Februari 2024, na ni haki kuvikumbuka. Lakini tusichanganye kuchachusha na kukeneka, yaani kuchemsha pombe na kukusanya mvuke wake, wala tusimchanganye mpishi na mfanyabiashara. Vifo vile vilitokana na vinywaji vilivyouzwa vikiwa na methanoli, sumu inayopofusha macho na kisha kuua, ambayo muuzaji huitia, au huiacha iingie, ili aongeze ukali na faida. Shayiri iliyochachuka ndani ya ndoo haifikii kabisa kiasi cha methanoli cha kumdhuru mtu. Anayepika ili anywe yeye na mkewe hana faida ya kuitafuta, na atakuwa wa kwanza kuinua glasi.

Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, ile watu waliyoizoea kwa jina la Sheria ya Mututho, ilifuta marufuku ya chang'aa, lakini ikamtaka kila anayetengeneza kileo awe na leseni. Uingereza iliondoa leseni ya bia ya nyumbani mwaka 1963. Marekani ilifuata kwa sheria iliyotiwa saini na Rais Jimmy Carter mwaka 1978, ingawa majimbo ya Alabama na Mississippi yalikawia hadi 2013. Sheria hiyo ya Marekani iliweka mpaka ulio wazi: nyumba yenye watu wazima wawili au zaidi isipite galoni 200 kwa mwaka, yaani kama lita 757, na isiuze, huku kukeneka kukibaki marufuku. Mpaka wa namna hiyo ndio ninaoutetea, na kiwango chake kwetu kinaweza kuwa kidogo zaidi.

Hoja ninayoiona nzito kuliko zote haijatajwa na yeyote hapa, nayo ni ya jirani. Mimi naishi ghorofani, na chini yangu kuna mzee Mwislamu ambaye watoto wake wanasoma Kurani sebuleni kila jioni. Shayiri ikichemka, mvuke wake hushuka ngazi na kuingia kwake bila kubisha hodi. Hakuniambia neno. Nilipomwendea mwenyewe na kumuuliza, alisema tu kwamba alikuwa akifunga madirisha. Tangu hapo napikia shambani kwa rafiki yangu Mtwapa, na ndoo zinabaki hukohuko. Kwa hiyo, wanaopendekeza kwamba ruhusa isitumike katika nyumba za ghorofa mpaka majirani wakubali hawatapata upinzani kwangu, na kifungu hicho nitakitia saini wa kwanza.