Naomba ushauri: binti yangu anataka kwenda Aleksandria ya kale

Habari zenu wakuu. Binti yangu wa darasa la sita kapewa kazi ya kueleza angesafiri kwenda ustaarabu gani wa kale kushuhudia sayansi yao. Mimi nilimvutia Babeli, waliotuachia dakika 60 katika saa. Amekataa. Anataka kusimama Aleksandria, Misri, karne ya 3 kabla ya Kristo, amwone Eratosthenes, mwanasayansi wa Kigiriki, akipima kivuli.

Yule mzee alijua kwamba Syene, Aswan ya leo, jua la utosi siku moja ya mwaka humulika hadi chini ya kisima. Aleksandria siku hiyohiyo kivuli kilionyesha takriban nyuzi 7.2, yaani moja ya hamsini ya duara. Akazidisha umbali wa miji hiyo kwa 50, akapata mzingo wa dunia. Kwa kijiti tu!

Sasa binti anataka kurudia jaribio. Sisi tuko Lindi, na Mombasa iko karibu kaskazini yetu moja kwa moja. Je, kijiti cha mita moja kinatosha? Na umbali wa anga nitaupataje, maana wa barabara unapindapinda? Aliye Mombasa na yuko tayari kupima nasi adhuhuri, anijibu tafadhali.