Klorini 35.5: hiyo nusu ni nusu ya nini?

Mama Viazi wa Majengo
Asalam aleikum wenzangu. Mwanangu yuko kidato cha pili. Jana magharibi nikimenya viazi vya karai, yeye pembeni na daftari lake la kemia, akaanza kulia. Mwalimu amewafundisha kwamba ukitaka idadi ya nyutroni za atomu, chukua masi, yaani uzito wake, toa idadi ya protoni. Sodiamu ni 23, toa 11, nyutroni 12. Sawa. Kwa klorini kitabu kimeandika 35.5, protoni 17. Akatoa, akapata nyutroni 18.5. Akachorewa mkasi mwekundu na hakuelezwa kosa. Mimi shule niliishia darasa la nane, lakini hesabu yake naiona sawa. Nyutroni yaweza kukatwa nusu?

Kijana wa Tudor
Mama, aifanye 36 tu. Nyutroni 19, asonge mbele.

Mwalimu Mstaafu, Kisauni
Wa aleikum salaam, mama. Kijana wa Tudor, samahani, hapo utampoteza mtoto. Klorini yenye nyutroni 19 ni haba mno katika chumvi ya bahari yetu, hata haiingii hesabuni.

Mama, kutoa kwa mwanao ni sahihi. Kosa liko kwenye namba aliyopewa aitolee. Nyutroni, kama protoni, ni chembe ndani ya atomu; haikatwi, na hakuna atomu hata moja ya klorini yenye masi 35.5. Hiyo ni wastani.

Mpeleke soko la Kongowea, au umwekee nazi nne hapo jikoni. Tuseme tatu zina uzito wa 35 kila moja, na ya nne 37. Tatu mara 35 ni 105, ongeza 37 ni 142, gawa kwa nne: 35.5. Umepata 35.5, na nazi ya uzito huo haimo kwenye fungu. Klorini ya duniani ndivyo ilivyo: takriban katika kila atomu nne, tatu ni za 35 na moja ni ya 37. Ya kwanza ina nyutroni 18, ya pili 20. Zote zina protoni 17, na protoni ndizo zinazoipa atomu jina lake. Ukibadilisha nyutroni umebadilisha uzito. Ukibadilisha protoni, hiyo si klorini tena. Atomu ndugu kama hizi huitwa isotopu.

Sodiamu haikumsumbua kwa sababu sodiamu ya asili ni aina moja tu, ile ya 23. Basi somo likaonekana jepesi, na ndiyo maana klorini humvizia mtoto. Nimefundisha miaka mingi, na nasema kwa uchungu: kumchorea mkasi mtoto aliyefuata kanuni barabara, bila kumweleza, ni kumfukuza kwenye somo.

Hata wataalamu liliwasumbua. Francis Aston, kule Cambridge, alizipima atomu za klorini kwa chombo chake mnamo 1919, akaona 35 na 37 zimejitenga, na 35.5 haipo. Nyutroni yenyewe ilikuja kugunduliwa na James Chadwick mwaka 1932. Kwa hiyo tofauti ya uzito ilijulikana kabla ya kujulikana inaletwa na nini.

Muuza Maji, Likoni
Mwalimu, hiyo klorini ndiyo ya dawa ya maji tunayotia kwenye mitungi? Na ile nzito ina madhara zaidi?

Mwalimu Mstaafu, Kisauni
Ndiyo hiyo, ikiwa imeungana na vitu vingine. Na kila mtungi wako una zote mbili. Madhara hayazidi, kwa sababu kazi ya kuungana hufanywa na elektroni za tabaka la nje, na mpangilio wa elektroni, tabaka kwa tabaka kutoka ndani, ni sawa kwa zote: 2, 8, 7. Klorini inatafuta moja ijaze nane nje. Sodiamu ni 2, 8, 1, ina moja ya kutoa. Zikikutana, chumvi. Nyutroni zimo ndani kabisa kwenye kiini na hazishiriki biashara hiyo.

Mama, mpe mwanao hili: boroni ina protoni 5, wastani wake ni 10.8, na isotopu zake ni 10 na 11. Zimechanganyika vipi? Asiangalie kitabu.

Mama Viazi wa Majengo
Mwalimu, Mungu akuweke. Nazi sikuwa nazo, tumetumia viazi. Amevipanga vitano sinia nzima: kimoja cha 10, vinne vya 11. Kumi na arobaini na nne ni 54, gawa kwa tano, 10.8. Nyutroni kwa kimoja 5, kwa vile vinne 6. Yuwauliza kama amepata.

Mwalimu Mstaafu, Kisauni
Amepata. Mwambie kesho ampelekee mwalimu wake daftari, na viazi avichore.